Mamlaka Madogo ya Mkuu wa Shule: Mhadhara Kuhusu Ari ya Walimu Arua na Koboko

Mkuu wa shule ya sekondari ya serikali wilayani Koboko hawezi kumwajiri mwalimu, wala hawezi kumfukuza. Mwenye uwezo huo ni Tume ya Utumishi wa Elimu, ambayo makao yake yako Kampala, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapo. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi naye hana. Kwake kazi hiyo ni ya Tume ya Utumishi ya Wilaya. Mshahara haupangi yeye na haupiti mikononi mwake, unatoka Hazina na kuingia benki. Uhamisho na kupanda cheo huamuliwa na wengine. Akiwa na mwalimu mtoro, anachoweza kufanya ni kumwandikia barua ya kujieleza, kumfikisha mbele ya bodi, kutuma ripoti, kisha kusubiri. Anaweza kusubiri mwaka mzima.

Ukiishia kwenye sheria utadhani mtu huyu hana nguvu yoyote. Lakini walimu wakikutana chini ya mwembe saa ya chai, anayezungumzwa si katibu wa tume. Ni mkuu wao.

Wana sababu. Yeye ndiye anayeamua nani apewe nyumba ya shule na nani apange chumba mjini na kudamka alfajiri. Yeye na mwalimu wa taaluma ndio wanaopanga ratiba: nani apate vipindi vilivyofuatana, na nani aachiwe kipindi cha kwanza na cha mwisho, ashinde shuleni kutwa nzima kwa masomo mawili. Anajaza na kusaini fomu ya tathmini ya mwaka, na bila fomu hiyo mwalimu hawezi kuthibitishwa kazini wala kufikiriwa cheo. Anapendekeza nani aende kwenye mafunzo. Anajua ruzuku imeingia lini na imetumikaje. Mwalimu akifiwa na shangazi yake Yumbe, ni yeye atakayesema nenda, pole sana, au atakayesema andika barua kwanza.

Hoja ya mhadhara huu ni moja. Katika shule za Arua na Koboko, mkuu wa shule ana mamlaka kidogo sana juu ya mambo makubwa na mamlaka makubwa sana juu ya mambo madogo, na hayo madogo ndiyo yanayoamua kama mwalimu ataingia darasani kwa moyo au ataingia ili tu aonekane ameingia. Wakuu wengi huhangaikia mamlaka wasiyokuwa nayo, wakayatumia ovyo yale waliyo nayo.

Chukua likizo ya uzazi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi zenye malipo, na hapo mkuu wa shule hana la kuongeza wala la kupunguza. Mamlaka yake yanaanza siku ya 61. Mwalimu anarudi kazini na mtoto ambaye bado ananyonya. Mkuu mmoja atampangia vipindi vyote vya alfajiri na kumtia kwenye zamu ya wiki inayofuata, kwa kuwa ratiba ni ratiba. Mwingine atamsogezea vipindi baada ya chai, atafute kachumba ambamo yaya anaweza kukaa na mtoto, na amwondolee zamu ya usiku kwa muhula mmoja. Hakuna aliyevunja sheria kati ya hao wawili, wala hakuna shilingi iliyotumika. Muhula wa pili ukifika, wa kwanza atakuwa na mwalimu anayetafuta uhamisho na wa pili atakuwa na mwalimu anayejitolea kusimamia masomo ya jioni. Jambo hili haliandikwi katika ripoti yoyote ya wilaya, na linastahili kuandikwa.

Mwaka 1959 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John French na Bertram Raven, walijiuliza swali ambalo mkuu yeyote wa shule angefaidika kulitafakari: mtu anapomtii mwenzake, anatii nini hasa? Wakaona anaweza kutii kwa sababu anatarajia kutuzwa, au anaogopa adhabu, au anakiheshimu cheo, au anaamini mwenzake anaijua kazi kuliko yeye, au anampenda na kutaka kufanana naye. Baadaye, mwaka 1965, Raven akaongeza chanzo cha sita, nacho ni habari: mwenye maelezo yenye mashiko anaweza kubadilisha mwenendo wa mwenzake bila tuzo, bila fimbo na bila cheo.

Wanafunzi wa uongozi wa elimu katika vyuo vyetu hukariri orodha hiyo kwa ajili ya mtihani. Inapata maana inapowekwa kando ya alicho nacho mkuu wa Koboko. Tuzo? Bajeti yake ya tuzo ni mbuzi wa siku ya kufunga mwaka, ikiwa wazazi wamechanga. Adhabu? Tumeshaona kwamba kisu kiko Kampala. Cheo anacho, lakini cheo kilicholetwa kwa barua ya uteuzi humfikisha mtu mlangoni tu mwa chumba cha walimu. Kilichobaki ni ujuzi, upendo na habari, na hivyo hakuna tume inayoweza kumpa au kumnyang'anya.

Hata hivyo wengi hushika adhabu kwanza, kwa sababu ndiyo iliyo karibu na ndiyo waliyolelewa nayo. Mfano uliowahi kutikisa Afrika Mashariki nzima ulitokea Tanzania. Februari 2009 mkuu wa wilaya ya Bukoba, Albert Mnali, aliagiza walimu 19 wa shule za msingi wachapwe viboko na askari polisi, kwa madai ya kuchelewa kazini na wanafunzi wao kufanya vibaya katika mitihani. Rais Jakaya Kikwete alimwondoa madarakani. Watu wazima, wengine wazazi, walichapwa katika wilaya ambamo watoto wao wanasoma. Kesho yake ilibidi mtu yule yule aliyelala kifudifudi asimame mbele ya darasa na kudai heshima.

Mkuu wa wilaya si mkuu wa shule, na kiboko kwa mwalimu ni jambo la nadra. Lakini fikra iliyokuwa nyuma ya kiboko kile inaishi katika shule nyingi kwa sura za upole zaidi. Kuna mstari wa wino mwekundu unaochorwa katika daftari la mahudhurio saa moja na nusu kamili, ili jina la aliyefika saa moja na dakika thelathini na tano lisomeke chini yake muhula mzima. Kuna mkuu anayemkemea mwalimu kwenye gwaride la asubuhi, wanafunzi wakisikiliza. Kuna barua za kujieleza zinazotolewa kwa makosa madogo hadi zinazoeleka, na mwalimu anajifunza kuzijibu kwa aya tatu za kawaida bila kukosa usingizi. Tatizo la vitisho vya namna hii ni kwamba kila mtu chumbani anajua havifiki popote. Mwalimu mwenye barua ya ajira ya tume anajua hafukuziki kirahisi. Kwa hiyo tishio halimfanyi afundishe vizuri. Linamfanya afike saa moja na dakika ishirini na tisa, asaini, kisha akae garini au chini ya mti na simu yake.

Uganda imewahi kupimwa katika jambo hili. Wachumi Nazmul Chaudhury, Jeffrey Hammer, Michael Kremer, Karthik Muralidharan na Halsey Rogers walichapisha mwaka 2006 matokeo ya ziara za kushtukiza katika shule za msingi za nchi sita. Uganda ilikuwa ya mwisho: asilimia 27 ya walimu hawakuwepo shuleni siku wageni walipofika. India ilikuwa asilimia 25, Peru 11. Idadi hiyo ilinukuliwa sana na wanasiasa, na walimu wakatukanwa kwayo. Yaliyonukuliwa kidogo ni mambo mengine katika utafiti ule ule, na hayo ndiyo yanayotuhusu. Waliokuwa na vyeo vya juu, wakiwemo walimu wakuu, walikosekana zaidi kuliko walio chini yao. Ukubwa wa mshahara haukuonyesha uhusiano wa maana na utoro, ilhali hali ya majengo na vifaa ilionyesha. Na kuhusu adhabu, katika shule za serikali za India karibu 3,000, ni mwalimu mkuu mmoja tu aliyesema amewahi kumwona mwalimu akiachishwa kazi kwa utoro.

Tuwe waangalifu na neno "utoro" linapomhusu mwalimu mkuu. Mara nyingi hayupo shuleni kwa sababu yuko ofisi ya elimu wilayani akipeleka hesabu za ruzuku, au benki, au anafuatilia mwalimu mgeni ambaye jina lake halijaingia katika orodha ya mishahara kwa miezi mitatu. Safari hiyo ya mwisho, kama ni ya kweli na walimu wanaijua, ni tendo kubwa la uongozi. Mwalimu aliyepata mshahara wake wa kwanza kwa sababu mkuu wake alikaa kwenye benchi ya ofisi kutwa nzima hatasahau. Bahati mbaya wengi huondoka bila kumwambia mtu wanakokwenda, na chumba cha walimu hujaza pengo hilo kwa tafsiri zake.

Miaka ya karibuni serikali imeleta mfumo wa kidijitali wa kufuatilia mahudhurio, unaoitwa TELA, ambapo walimu hujiandikisha kwa simu ya shule wanapofika na wanapoondoka, na wilaya na wizara huona. Mfumo huo unaweza kuwa na manufaa. Utampunguzia mkuu kazi ya wino mwekundu. Lakini hautajua kwamba mwalimu aliyejiandikisha saa moja kamili hakufundisha kipindi hata kimoja, na hautamweleza mkuu kwa nini.

Arua na Koboko zina historia ambayo mkuu wa shule, hasa anayetoka nje ya West Nile, eneo zilimo wilaya hizi mbili, hana budi kuifahamu. John Middleton, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti kwa Walugbara kati ya mwaka 1949 na 1952, aliwakuta watu wasiokuwa na mfalme. Mzee wa ukoo alisikilizwa kwa sababu alisimama kati ya walio hai na mababu, alijua nani ni nani na ardhi ni ya nani, na alitarajiwa kupatanisha. Machifu wa serikali waliletwa na wageni: Wabelgiji walipolitawala eneo la Lado, kisha Waingereza baada ya West Nile kuingizwa Uganda mwaka 1914. Chifu wa namna hiyo alikuja na kodi na kazi za lazima. Si haki kudai kwamba mhitimu wa hisabati anayefundisha Arua leo anafikiri kama babu yake wa mwaka 1914. Lakini tofauti kati ya mzee anayesikilizwa na chifu aliyeletwa bado iko hai katika mazungumzo ya watu wa huku, na mkuu wa shule huwekwa upande mmoja au mwingine mapema sana, pengine katika mkutano wake wa kwanza na walimu.

Historia ya karibu zaidi ni chungu. Baada ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, majeshi ya serikali mpya yaliingia West Nile kwa kisasi, na kuanzia Oktoba 1980 sehemu kubwa ya watu walikimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi waliwaua raia waliokimbilia katika misheni ya Ombaci, nje kidogo ya mji wa Arua, mahali penye shule ambayo hadi leo ni miongoni mwa shule zenye jina kubwa katika eneo hili, St. Joseph's College. Huko ukimbizini shule ziliendeshwa chini ya miti na walimu wasiokuwa na mshahara wa serikali yoyote. Waliporejea katika miaka ya 1980, mishahara ya serikali ilikuwa haitoshi hata kununua sabuni, na wazazi ndio waliochanga kuwaongezea walimu kupitia umoja wao na walimu.

Katika shule za nyakati zile mkuu hakuwa na dola nyuma yake. Alikuwa na wazazi, walimu na neno lake. Yapo mengi ya kujifunza hapo kuhusu mamlaka yanayosimama bila fimbo, na walimu wastaafu wa West Nile wanaoyakumbuka bado wako hai. Inafaa waitwe wazungumze na wakuu vijana.

Kisha ukaja mwaka 1997 na elimu ya msingi kwa wote. Wanafunzi wa shule za msingi nchini wakaongezeka kutoka karibu milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 ndani ya mwaka mmoja. Michango ya wazazi ikaondolewa, ruzuku ya serikali ikachukua nafasi yake. Ilikuwa hatua kubwa na ya haki kwa watoto. Kwa mwalimu mkuu ilikuwa na maana kwamba alipoteza mfuko wa kuwaongezea walimu wake wakati ule ule madarasa yalipofurika.

Ruzuku yenyewe ina kisa chake, na kisa hicho ndicho ushahidi mzuri kuliko wote kuhusu nguvu ya habari. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia fedha zilizotumwa na serikali kwa shule za msingi za Uganda kati ya mwaka 1991 na 1995, wakitumia sampuli ya shule 250. Walikuta kwamba kwa wastani ni asilimia 13 tu ya ruzuku isiyo ya mishahara iliyofika shuleni. Nyingine ilipotelea njiani. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na kuagiza matangazo yabandikwe pia shuleni. Kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Mambo mengine pia yalibadilika katika miaka ile, lakini watafiti hao walionyesha kwamba shule zilizokuwa karibu na kituo cha kuuzia magazeti zilifaidika zaidi.

Kisa hicho husimuliwa kama kisa cha rushwa. Hapa kinatufaa kwa sababu nyingine. Ikiwa karatasi iliyobandikwa ukutani inaweza kubadilisha mwenendo wa ofisi za wilaya nchi nzima, inaweza pia kubadilisha chumba cha walimu. Mkuu anayebandika kwenye ubao wa matangazo kiasi cha ruzuku kilichoingia muhula huu, kiasi kilichotumika kwa chaki, kwa kuni, kwa nauli, na kilichobaki, anaacha nguvu moja, ile ya kuwa peke yake anayejua. Anachopata ni kwamba akisema hakuna fedha za chakula cha mchana cha walimu wiki hii, anaaminika. Walimu wa Arua wanaweza kuvumilia kula ugali wa muhogo bila mboga ya maana. Wasichovumilia ni kuula huku wakiwaza kwamba nyama iko kwa mtu fulani. Uongozi wa siri huwavunja watu moyo hata pale ambapo hakuna hata shilingi moja iliyoibwa, na hili wakuu waaminifu hawaambiwi mapema vya kutosha.

Jaribio kubwa kuliko yote kwa wakuu wa sekondari lilikuja mwaka 2022, na halikuwa kosa lao. Serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na mwenye stashahada hadi milioni 3. Mwalimu wa historia au wa dini mwenye shahada alibaki na takriban milioni 1. Mwalimu wa shule ya msingi alibaki na karibu nusu milioni. Juni mwaka huo Umoja wa Kitaifa wa Walimu wa Uganda, UNATU, uliitisha mgomo uliofunga shule nyingi, na Juni 2025 walimu wa masomo ya sanaa wa sekondari wakagoma tena kwa sababu ile ile.

Ndani ya shule moja hali ikawa hivi: mkuu aliyesomea jiografia na Kiingereza, mwenye miaka mingi kazini, anapokea mshahara mdogo kuliko wa kijana wa fizikia aliyeajiriwa juzi. Kwa miongo mingi mshahara mkubwa wa mkuu ulikuwa sehemu ya cheo chake bila mtu kuusema. Ghafla haupo. Wapo wakuu waliokasirika wakaanza kuwaonea walimu wa sayansi kwa vipindi na zamu, kana kwamba wao ndio walioandika waraka wa mishahara. Wapo waliojidogosha mbele yao. Na palikuwa na swali la marupurupu yanayotokana na michango ya wazazi: yaendelee kugawiwa sawa kwa wote, au walimu wa sayansi waondolewe ili wa sanaa waongezewe? Kila jibu lina watakaoumia. Maoni ya mhadhara huu ni kwamba jibu lenyewe lina uzito mdogo kuliko njia ya kulifikia. Likiamuliwa katika kikao cha walimu wote, hesabu zikiwa mezani na mwakilishi wa bodi akiwepo, hata aliyeshindwa atarudi darasani. Likiamuliwa ofisini na kutangazwa kwa karatasi, hata aliyeshinda atajua kwamba kesho ni zamu yake.

Ni hapa ambapo nadharia ya Frederick Herzberg, inayotajwa sana katika tasnifu za vyuo vyetu, inahitaji kusomwa kwa makini. Herzberg na wenzake, katika kitabu chao cha mwaka 1959, waliwahoji wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh, wakahitimisha kwamba mshahara, sera na usimamizi huweza kuwaudhi watu lakini haviwashi ari. Ari huwashwa na mafanikio, kutambuliwa na kazi yenyewe. Kuna ukweli ndani yake. Lakini mhandisi wa Pittsburgh alikuwa ameshalipa kodi ya nyumba. Mwalimu wa msingi wa Koboko mwenye watoto wawili sekondari hajamaliza kulipa ada, na kumwambia kwamba atambuliwe kwa makofi ni kumkosea adabu. Mkuu mwenye busara hatumii sifa mahali pa fedha. Anasema wazi kwamba mshahara ni mdogo, anawasaidia walimu kudai haki yao kupitia chama chao, kisha anatoa sifa pale inapostahili, kwa jambo mahususi, siku hiyo hiyo.

Koboko ina ugumu wake wa pekee. Wilaya hiyo, iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2005, iko pale Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana, na Wakakwa wako pande zote tatu za mpaka. Tangu mwaka 2013 imehifadhi wakimbizi wa Kongo katika makazi ya Lobule. Katika shule za makazi kama hayo, na zile za Rhino Camp upande wa kusini, chumba kimoja cha walimu kina watu wa namna tatu: walioajiriwa na serikali, walio na mikataba ya mashirika wabia, na walimu wasaidizi ambao wenyewe ni wakimbizi. Wanafundisha madarasa ambayo mara kwa mara hupita wanafunzi mia, ilhali kiwango cha serikali ni 53 kwa mwalimu mmoja. Mkuu hana sauti juu ya mikataba ya shirika, na ufadhili ukipunguzwa Geneva au Washington hujua pamoja na wengine wote, wakati mwingine baada yao.

Mkuu wa shule ya namna hiyo anabaki na adabu ya kila siku. Mwalimu msaidizi kutoka Kongo, anayesimama mbele ya darasa la kwanza na kuwaeleza watoto kwa Kiswahili au Kilingala kile ambacho mwalimu wa serikali amesema kwa Kiingereza, anaalikwa kwenye kikao cha taaluma au anaachwa nje? Jina lake linaandikwa kwenye ratiba au linaandikwa "msaidizi"? Anaitwa Mwalimu mbele ya wanafunzi? Hayo yote yako mikononi mwa mkuu, leo, bila kibali cha mtu.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza Februari 2020 na kutoa watahiniwa wake wa kwanza wa kidato cha nne mwaka 2024, umeongeza nafasi ya ujuzi. Unadai miradi, kazi za vikundi na tathmini endelevu. Walimu wengi waliupokea kwa mafunzo ya siku chache, kisha shule zikafungwa, kabisa au kwa sehemu, kwa ajili ya korona kutoka Machi 2020 hadi Januari 2022. Mkuu ambaye hajausoma mtaala huo hawezi kumwongoza anayeufundisha. Atabaki kukagua maandalio ya somo kwa kuhesabu kurasa. Mkuu aliyeusoma, ambaye bado anafundisha darasa moja yeye mwenyewe, anaweza kukaa nyuma ya darasa dakika 40, kisha akaongea na mwalimu faraghani kuhusu kundi la wasichana pembeni ambalo halikuulizwa swali hata moja. Mwalimu atatoka hapo akiwa ameaibika kidogo na amefunzwa sana. Wakuu wanaofanya hivyo hawana haja kubwa ya barua za kujieleza.

Wakuu hawa wenyewe hufunzwa wapi? Wengi walikuwa walimu hodari wa darasani, wakawa walimu wa taaluma au manaibu, kisha barua ikafika. Waliiga wakuu waliowaongoza, pamoja na wino mwekundu. Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 iliahidi kuinua taaluma nzima, na chuo cha walimu cha Muni, kilomita chache kutoka mjini Arua, sasa ni kampasi ya Taasisi ya Taifa ya Elimu ya Walimu, UNITE. Kampasi hiyo ina nafasi ambayo Kampala haina: wakuu wa Arua, Koboko, Maracha, Terego na Yumbe wanaweza kufika kwa gari la asubuhi. Kozi ya wakuu wapya inaweza kuanza hapo, na si lazima ianze na nadharia. Ianze na fomu ya tathmini ya mwaka. Kila mkuu aje na tatu alizozijaza mwaka uliopita, majina yakiwa yamefunikwa, wazisome kwa sauti wenyewe kwa wenyewe, wahesabu ni sentensi ngapi zinazotaja jambo ambalo aliyeandika alilishuhudia darasani kwa macho yake, kisha wakae waziandike upya.